Nasikia Nimefunga Mawili

Watu wakisikia we ni kocha wanajua unashinda na filimbi shingoni na ubao wa kuchorea mishale. Aisee, mimi ni mwalimu wa Jiografia, nina vipindi vyangu, nina madaftari ya kusahihisha, nina zamu, afu ikifika saa tisa na nusu ndo nageuka kocha, na kwenye hiyo kazi ya pili hakuna mshahara, hakuna posho, hakuna hata barua. Nilipewa kwenye kikao cha walimu mwaka 2011 nikiwa mgeni kabisa, mkuu wa shule akauliza nani atachukua michezo, walimu wote wakainamisha vichwa kama wanaombea chakula, mimi sikujua kama natakiwa kuinama. Ndo hivyo, mpaka leo.

Kichekesho ni kwamba mimi mwenyewe sijawahi kucheza UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari nchi nzima. Sekondari nimesoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi kile serikali ilikuwa imesimamisha mashindano ya shule, tukaambiwa watoto wasome. Tukasoma. Jioni tunapiga chandimu nyuma ya mabweni, mpira wa matambara na mifuko, mwalimu akitokea kila mtu anakimbilia upande wake. Kwa hiyo ukocha nimejifunzia kazini, kozi fupi nimekuja kuisoma baadaye kwa hela yangu, nikarudi na cheti na nyonga inayouma mpaka leo kukiwa na baridi.

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, iko juu kidogo ya mji wa Moshi, kule ambako mji unaisha na migomba inaanza. Jina sitaji, maana haya ninayoandika mengine ni aibu yangu binafsi na shule haina kosa. Timu ya wasichana ni mimi, netiboli ni mimi, riadha ni mimi, ila leo naongelea wavulana kwa sababu aibu yenyewe iko huko.

Uwanja wetu umelala. Sio kwamba umeinama kidogo, umelala kabisa, goli la juu liko upande wa madarasa na goli la chini linaangaliana na kihamba cha mama mmoja, migomba, kahawa, ng'ombe wawili wa ndani, na chini yake kuna mfereji wa zamani wa wazee. Ukishinda shilingi unachagua kipindi cha kwanza kupanda, miguu ikiwa bado mipya, cha pili mnashuka nacho hata kama mmechoka mpira wenyewe unawasaidia. Timu ngeni huwa wanafurahi wakishinda shilingi, wanachagua kushuka, wanatufunga moja la haraka, afu kipindi cha pili wanapanda mlima na ulimi nje. Sijawahi kumwambia mtu hiyo siri, nawaambia nyie.

Sasa kwenye goli la chini mpira ukipaa unaingia kwa mama. Miaka ya mwanzo alikuwa anaukamata anaufungia stoo mpaka Jumapili baada ya ibada. Naenda, shikamoo mama, marahaba mwalimu, mpira wako umevunja mgomba wenye mkungu, pole sana mama, pole ya nini mwalimu, lete mti niuegeshe. Tukaelewana hivi: kila anayepaisha mpira anamkatia mama mzigo mmoja wa majani ya ng'ombe. Mzigo mzima, wa kubeba kichwani. Nisikudanganye, hakuna zoezi la kupiga golini nililofundishwa kwenye kozi linalofikia hilo, ndani ya muhula mmoja vijana walikuwa wanapiga mashuti ya chini tu, yanayokata majani. Ng'ombe wa mama wakaanza kukonda (utani huo, mama akisoma hapa).

Mpira wenyewe ni hadithi. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, mchango wa aina yoyote shuleni ni kitu cha kutembea nacho kwa vidole, mzazi ukimwambia elfu mbili ya mpira anakuuliza kibali kiko wapi, na ana haki. Kwa hiyo mpira namba tano ukinunuliwa unaishi mpaka ufe kifo chake. Ukitoboka naupeleka kwa fundi viatu pale Mbuyuni, mzee mmoja hana maneno, huwa nakaa kwenye kigoda chake namwangalia. Anafumua ushono vidole viwili tu, sio zaidi, anavuta tyubu ya ndani taratibu kama anamtoa kifaranga kwenye yai, anaizamisha kwenye beseni, anasubiri. Povu dogo likipanda anaweka kidole pale pale, bila kuangalia anachukua msasa kwa mkono mwingine, anaikwangua, solesheni, kiraka cha tyubu ya baiskeli, anakigonga na kisigino cha kiatu cha mteja. Afu anashona kwa sindano mbili zinazopishana kwenye tundu moja, uzi umepakwa nta, kila mshono anauvuta mpaka ngozi inalia. Mpira ukishatoka kwake mara tatu unaanza kuwa na tumbo upande mmoja. Vijana wanauita papai. Papai ukilipiga hewani linakata kona lenyewe, kipa wangu wa mwaka ule alizoea papai kiasi kwamba siku tuliyopewa mpira mpya wa mviringo kabisa alifungwa goli la kijinga, akaniambia kocha, ule mpira ulikuwa unakuja moja kwa moja.

Njumu ni Memorial, soko la mitumba. Jumamosi asubuhi belo likifunguliwa unatakiwa uwepo, na kuna muuzaji mmoja nilimfundisha, ananiwekea. Elfu kumi na tano kwa mwingine, kwangu elfu nane, ila lazima aniulize kwanza kama namkumbuka alivyopata F ya Jiografia. Namkumbuka. Kazi kubwa ni kupata pea, maana kule unaweza kukuta kushoto ni namba 41 na kulia 42, na kuna vijana wangu wawili walicheza msimu mzima wakigawana pea mbili za namna hiyo bila kulalamika. Ukifungua kile kiulimi cha kiatu ndani unakuta jina la mtoto wa Ulaya limeandikwa kwa kalamu ya kutofutika, mama yake aliandika lisipotee. Vijana huwa wanaitana kwa hayo majina, pasi pasi wee Mjerumani.

Makande saa saba, mazoezi saa tisa na nusu, kuna wanaotembea saa nzima kurudi nyumbani, kwa hiyo simchezeshi mtu baada ya saa kumi na moja. Masika hatufanyi kitu cha maana, goli la chini linakuwa bwawa. Nilikuwa natamani niandike sana kuhusu mbinu hapa lakini ukweli mbinu yangu ni moja, mpira chini, na mwenye kasi akae upande wa kulia ambako uwanja haujachimbika.

Sasa twende kwenye lenyewe.

UMISSETA inachezwa kuanzia kata, mnachaguliwa kombaini, yaani timu moja ya wachezaji bora wa shule zote, mnapanda wilaya, mkoa, mpaka taifa, na taifa mara nyingi huwa Juni. Juni hiyo hiyo mvua imekatika, mlima Kilimanjaro umefunguka, wageni wanamiminika, na kila kijana mwenye mabega anajua kuna hela getini. Wanaobeba mizigo tunawaita wagumu. Mzigo unapimwa kwenye mizani geti la Machame, kilo 20, unaweka kichwani au begani unapanda siku sita, baridi ya kule juu unaisikia kwenye meno. Sharti uwe umetimiza miaka 18 na una kitambulisho. Mwalimu wa darasa akiona Juni dawati halina mtu anajua mtoto ama anaumwa ama yuko juu.

Mwaka 2019 nilikuwa na kijana kidato cha tatu, tulimwita Chama. Clatous Chama alikuwa amekuja Simba mwaka mmoja kabla, na huyu mtoto alikuwa na uvivu ule ule mzuri, anatembea, anatembea, unataka umpigie kelele, ghafla mpira uko nyuma ya beki na hujaona umepitaje. Mguu wa kushoto. Mwembamba kama ufito. Miaka 17. Katika miaka yote hii nimepata wachezaji wazuri, ila yule ndo pekee niliyekuwa nasahau kupuliza filimbi nikimwangalia.

Baba hakuwepo, mama anauza ndizi Mbuyuni, kaka yake alikuwa mgumu. Alhamisi moja, mechi ya kata ni Jumamosi, akanifuata nje ya ofisi.

Shikamoo mwalimu. Marahaba. Naomba ruhusa. Ya nini? Nyumbani. Nyumbani kuna nini? Akanyamaza, akawa anachimba chini na kidole cha mguu. Kaka goti, mwalimu.

Nikaelewa kila kitu hapo hapo. Kaka goti limevimba, nafasi kwenye msafara ipo, ukiikosa mara moja kiongozi anampa mwingine na msimu mzima umeenda. Mdogo anapanda na kitambulisho cha kaka. Getini usiku wa giza asubuhi ya ukungu, ndugu wawili wanafanana, nani anaangalia. Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda kwa mama yake, kwa mkuu, kwa yeyote. Nilisema, Jumatano uwe umerudi.

Huko juu alikuwa anaitwa jina la kaka yake, jina lake likabaki huku chini kwenye fomu yangu, jezi namba tisa, na picha ya pasipoti iliyopigwa kwa simu na kuchapwa steshenari, ile nyeusi ambayo hata mama yako hawezi kukutambua.

Mnaofuatilia michezo ya shule mnalijua neno mamluki. Kwa wasiojua, mamluki ni mchezaji ambaye sio mwanafunzi wa shule husika, au alishamaliza, au umri umepita, anaingizwa kwa jina la mtu. Mimi kwenye vikao ndo nilikuwa napiga kelele kuliko wote. Nilishawahi kusimama nikasema shule inayochezesha mamluki inawafundisha watoto wizi, watu wakapiga makofi, nikakaa nikiwa nimevimba.

Kwa miaka mingi nimekuwa najisimulia kwamba yule kijana aliyecheza badala ya Chama alikuja mwenyewe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, anapiga ndondo huku Pasua na Majengo, anapajua shuleni, sare bado anayo. Eti alipita kusalimia Jumamosi asubuhi, tukajikuta. Hapana. Nilimpigia mimi. Ijumaa saa mbili usiku, kwa salio la kukopa. Nikamwambia njoo na soksi zako.

Akacheza kwa jina la Chama. Mrefu, mweusi, mguu wa kulia kama nyundo. Tukashinda mbili kwa moja, zote kafunga yeye, la pili kichwa cha kona beki wao kasimama kama anasubiri daladala. Pembeni walikaa waalimu wanaochagua kombaini, nikaona mmoja anaandika kwenye daftari. Namba tisa. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Nilirudi nyumbani nikala kiburu nikalala kama mtoto.

Jumatano Chama akarudi. Uso umebabuka na jua, ngozi ya pua inatoka kama ganda la kitunguu, midomo imepasuka, shingo imekakamaa upande mmoja kwa mzigo. Akaja uwanjani na yeboyebo, akasimama pembeni yangu akiangalia wenzake, hakusalimia kwanza. Akasema:

Mwalimu, nasikia nimefunga mawili.

Akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Tulicheka wote mpaka akashika mdomo maana ulikuwa unapasuka.

Wiki haijaisha orodha ya kombaini ikatoka na jina lake lipo. Hapa ndo nilipojipiga akili yangu mwenyewe. Nikawaza, si ni haki tu? Huyu ni bora kuliko yule mara tatu, jina ni lake, shule ni yake, wakimwona akigusa mpira mara mbili watasahau ya nyuma. Mwaka ule taifa ilikuwa Mtwara, kutoka huku ni zaidi ya kilomita elfu moja, nikawa namwambia utaona bahari, utapita daraja la Mkapa pale Rufiji. Nikampa njumu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzipata Memorial, pea kamili, namba moja. Mama yake akanipigia kushukuru, akanipa mkungu wa ndizi mshare nikaubeba hivyo hivyo.

Siku ya kwanza kambini wakaita majina. Akaitika. Mwalimu aliyekuwa na daftari akamwangalia, akaangalia daftari, akamwangalia tena. Akasema, huyu siye.

Nilisimuliwa na wenzake wawili wa shule yetu waliokuwepo. Wakamweka pembeni wakaanza kumuuliza. Mkuu wa shule yenu anaitwa nani, akasema. Mwalimu wa Kiswahili, akasema. Namba yako ya mtihani wa kidato cha pili, akaitaja yote bila kupepesa, mimi mwenyewe siwezi. Wimbo wa shule akaimba ubeti. Kila kitu sawa na kila kitu kinazidi kumharibia, maana kadri anavyojibu vizuri wanazidi kuona kafundishwa. Aliyefunga alikuwa mrefu, anapiga kulia. Wewe ni nani? Ni mimi. Wewe nani? Mimi ndo mimi.

Wakanipigia. Nikachukua bodaboda. Njiani nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimeyapanga, nitasema ni mimi, kijana hana kosa, adhabu nipeni mimi. Nilipofika nikawaona wale vijana wangu wengine wawili wamekaa na mabegi miguuni, wamefungasha kabisa kwa woga, nikajua nikisema ukweli na hao wanarudi, shule inafungiwa, na mimi barua. Nimejitetea kwa hao wawili miaka mingi. Ila nadhani niliiwaza ile barua kwanza.

Nikasema, kumetokea mkanganyiko wa majina.

Mkanganyiko. Neno la ofisini hilo. Yule mwalimu akanitazama kwa muda, alijua, na mimi nilijua anajua, akafunga daftari akasema mchukue basi. Chama alikuwa amekaa kwenye tofali, njumu ziko mapajani zimefungwa kamba pamoja, alinyanyua uso akaniangalia mara moja. Hakusema kitu. Nilitamani aseme.

Tukarudi mishikaki, dereva, yeye katikati, mimi nyuma. Kichwa chake kiko hapa kwenye kidevu changu, bado kina harufu ya moshi wa jiko la mlimani. Tumefika karibu na Kiboriloni akageuza shingo ile ile inayouma.

Mwalimu, kwa hiyo pale walijua mimi ndo mamluki?

Nikasema, ndiyo.

Mamluki wa nani?

Pikipiki ilikuwa na kelele, nikajifanya sijasikia.

Muhula uliofuata alirudi darasani na alirudi uwanjani, hilo ndo linalonishinda mpaka leo, alirudi tu, anatembea, anatembea, afu mpira uko nyuma ya beki. Polisi Tanzania walikuwa wamepanda Ligi Kuu mwaka huo wanatumia uwanja wa Ushirika, Simba na Yanga wakawa wanakuja Moshi, nikawapeleka vijana kuangalia, tuliobahatika tiketi tukaingia, waliobaki wakapanda juu ya mti. Tulikaa mimi na yeye siti moja. Ningeweza kumwambia samahani pale, dakika 90 zote. Tuliongelea namba sita wao anavyochelewa kurudi.

Afu 2020 ikaja corona, tarehe 17 Machi shule zikafungwa, tumefungua mwishoni mwa Juni nyasi ziko magotini na mama wa kihamba amefunga ng'ombe kwenye nguzo ya goli letu la chini. UMISSETA hakuna. Kidato cha nne chake kikaishia hivyo, mtihani akapata divisheni foo. Siku alipotimiza umri akaenda kuchukua kitambulisho chake, akapanda mlima kwa jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, alinitumia meseji kutoka getini, neno moja tu, ameniandikia jina lake kamili.

Mkuu wa shule wa wakati ule alihamishwa kabla sijamwambia. Najua hiyo sentensi ilivyo.

Mwaka jana nilikutana naye stendi, yuko na wenzake wa msafara, siku hizi anasaidia mpishi, amenenepa kidogo usoni. Shikamoo kocha. Marahaba, za mlima? Akanigeuza kwa wenzake, mkono begani kwangu kama mimi ndo mdogo. Oyaa, huyu ndo kocha wangu, huyu nilimfungia mawili siku ambayo sipo. Wakacheka wote, wanadhani ni utani wa mpira. Na mimi nikacheka tena. Inaonekana hiyo ndo kazi yangu.

Watu wananiuliza sana siku hizi habari za AFCON 2027, maana kule Arusha, Olmoti, kuna uwanja mpya wa watu kama elfu 30, ni kilomita kama 80 tu kutoka hapa, vijana wangu wamenishika shati niwapeleke. Nitawapeleka, Mungu akipenda. Nyavu za goli la chini bado hatuna, nilikuwa nimepata za kuvulia samaki kwa mtu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, panya wamekula.

Ila fomu ya usajili siku hizi siijazi mimi. Nakaa nao kwenye ngazi za darasa, kila mtu anachukua kalamu anaandika jina lake mwenyewe, analisoma kwa sauti, anaweka sahihi. Inachukua jioni nzima, wengine wanakosea herufi tunafuta, na vijana wanalalamika kwamba kocha anazeeka.

Mwaka huu tumecheza mechi ya kata kwetu, kwenye mteremko wetu. Fomu ilikuwa na majina kumi na sita, mmoja malaria, mmoja msiba Rombo, wengine sijui. Nikaita. Mpaka namba nane wameitika. Tisa kimya. Nikaita tena nikiwa naangalia karatasi, nikiinua macho wote wamegeuka wanaangalia juu kule, mlima umefunikwa na wingu hata Kibo haionekani, hakuna aliyesema neno. Nikaendelea mpaka mwisho. Tuko kumi.

Pembeni ya mstari kulikuwa na dogo wa kidato cha pili, yuko fiti, kavaa raba, soksi kapandisha mpaka magotini, ananiangalia kama paka anayeangalia anayepara samaki. Kwenye fomu hayupo. Refa akaniuliza, mwalimu, mnatimia? Mkononi nina jezi namba tisa imekunjwa, na ile picha ya steshenari nyeusi vile vile, miaka yote hii mashine hawajabadilisha.

Nikamwambia dogo njoo ukae hapa, ushike maji. Nahodha akashinda shilingi. Tukaanza kumi, tunapanda.